Mndimu kwenye pipa: majani ya njano yanaanzia kwenye mizizi

Kwenye vilima vya Isamilo, Igogo na Mabatini jijini Mwanza udongo ni kidogo juu ya jiwe, kwa hiyo pipa ndilo shamba. Mndimu unalikubali pipa vizuri: ni mti mdogo, una majani mwaka mzima, na maua yake meupe hunukia uwanja wote. Kinachouua mara nyingi si jua la Mwanza. Ni maji kutuama kwenye mizizi. Majani yakigeuka njano mwenye mti anaongeza mbolea na maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Kata katikati pipa la plastiki la lita 200 lililobeba mafuta ya kula, kamwe si la kemikali. Toboa matundu 8 hadi 10 ya milimita 12 kitakoni, na mengine 4 ubavuni, sentimita 3 kutoka chini. Lipandishe juu ya matofali. Usitandike kokoto ndani, hata kama kila mtu anakuambia. Maji hayatoki upesi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanakaa juu yake, na mizizi inapungukiwa hewa. Kipande cha chandarua juu ya matundu kinatosha.

Udongo: ndoo 3 za udongo wa juu wenye kichanga, ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, ndoo 1 ya pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi, zisifike kuwa majivu. Pumba mbichi zikioza hunyang'anya mti naitrojeni.

Nunua mche uliobebeshwa, yaani mndimu uliounganishwa juu ya shina la mlimau. Kwa kawaida huzaa ndani ya miaka 2 au 3, ilhali mche wa mbegu unaweza kukuchelewesha zaidi. Chana kiriba (mfuko wa mche), kata mizizi iliyojizungusha chini, kisha panda ili kiungo cha kubebeshea kibaki sentimita 15 au zaidi juu ya udongo. Kikifukiwa, gome linaoza na kutoa utomvu. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo ni mlimau: ling'oe likiwa bado laini.

Sasa njano yenyewe. Chunguza ni majani gani. Yakianza ya zamani, ya chini, yote njano, mti una njaa ya naitrojeni: upe kijiko kimoja cha mezani cha mbolea ya dukani ya NPK 17:17:17 kila wiki 6, mbali na shina, baada ya kumwagilia. Yakiwa machanga, njano na mishipa ya kijani, mara nyingi madini ya chuma yamefungwa udongoni na mti hauyapati, hasa pale panapomwagwa majivu ya jikoni. Acha majivu. Yakiwa yote yamelegea ilhali udongo umelowa, mizizi inaoza: zibua matundu, usimwagilie mpaka kidole kikizama sentimita 5 kikute pakavu. Kipimo hichohicho cha kidole kitumie mwaka mzima, Juni hadi Agosti ukavu ukizidi, na wakati wa masika pia.

Kiwavi wa mndimu akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mwokote kwa mkono. Viwavi wachache humaliza majani ya mche mdogo. Michoro ya fedha iliyopindapinda kwenye jani changa ni ya mdudu mchimba majani, na jani hilo usilikate, bado linaulisha mti. Sisimizi wakipanda shinani tafuta vidukari chini ya majani: pulizia jioni maji lita 1 yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji.

Ukitaka maua kabla ya vuli, mwishoni mwa Agosti acha kumwagilia mpaka majani yalegee kidogo mchana, kisha mwagilia vizuri. Maua hufuata ndani ya mwezi hivi. Usifanye hivyo mti ukiwa na ndimu changa, zitapukutika.

Ndimu huwa tayari miezi 5 hadi 6 baada ya ua. Chuma ganda likiwa laini, linang'aa, na kijani kimeanza kufifia. Kata kwa mkasi, miiba ni mikali. Ukishaikamulia sato, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani, kwa sababu maji ya ndimu yakipigwa na jua kwenye ngozi huunguza na kuacha mabaka meusi.