Siku moja maishani mwangu: steshenari Mtwara na balaa la "of"

Saa moja na nusu asubuhi nafungua steshenari yangu hapa Chikongola, feni kwanza alafu ndo kompyuta, joto la Mtwara mnalijua. Kazi ni kuchapa, kutoa kopi, kulamineti vyeti, ila nilisomea ualimu wa Kiingereza na ajira bado nasubiri, sasa watu wakishajua hilo basi kila mwenye barua ya kizungu anakuja "dada hebu niangalizie". Naangalia. Na karibu zote zina tatizo lilelile, "of" kila sehemu.

Saa mbili hivi kaja kaka anaomba kazi bandarini, kichwa cha barua kaandika APPLICATION OF JOB. Wala simshangai, sisi tunasema maombi ya kazi, jibu la swali, ufunguo wa chumba, ongezeko la bei, yaani hiyo ya/la/wa yetu inabeba mizigo yote bila kulalamika. Kiingereza hakitaki, kila nomino ina kihusishi chake. Application ni "for", na ukiangalia vizuri maneno mengi ya kutaka kitu ambacho bado hujakipata yanapenda hiyo for: request for, need for, demand for, search for. Chini kaweka "interest of working", nikambadilishia "interest in working", kalipa, kaondoka mbio.

Saa nne ndo kazi yenyewe ikaja. Karani wa chama cha msingi cha korosho kaleta ripoti ya kumtumia mnunuzi India, ndani kuna "increase of price" karibu kila aya. Hapa nilikaa nae muda mrefu kwa sababu hata waliosoma sana wanapapatika. Kitu kinachopanda kinachukua in, kiasi kilichoongezeka kinachukua of, kwahiyo "an increase of 200 shillings in the price", vyote viwili ndani ya sentensi moja na havigombani. Ukiigeuza kuwa kitenzi inakuja by, "the price increased by 200 shillings". Rise, fall, drop, decrease, zote mwendo huohuo.

Akaniuliza, "Sasa dada, mbona hapa umeifuta for yangu?" Kaandika "buyers demand for raw cashew nuts". Hapo demand ni kitenzi bwana, ikiwa kitenzi haitaki kihusishi, for inakuja ikiwa nomino, "the demand for raw cashew nuts". Ndo maana watu wanaandika "we lack of storage" na "we discussed about the price", wamezoea lack of na discussion about za nomino wakazihamishia kwenye kitenzi. Mimi nikiulizwa makosa gani yanafuatia baada ya ile of, nasema haya.

Mchana kopi tu za vitambulisho. Nimekula ugali wa muhogo na pweza.

Saa tisa wakaingia wanafunzi wa kidato cha nne na insha ya kimbunga Hidaya, kile cha Mei 2024 kilichokata barabara ya Dar na Lindi, mada nzuri kweli kwa zoezi hili maana inakulazimisha kuchagua kila mstari: damage to the road, effect on transport, shortage of goods, rise in fares. Na sababu ndo usiseme, kwetu ni moja tu ila kwao ni "the cause of the floods" lakini "the reason for the delay", ukizibadilishana inasikika vibaya. Binti mmoja mbishi akasema, "Madam, mbona kwenye Kemia tunaandika solution of salt na wewe unasema solution to?" Nilimpenda. Ule wa Kemia ni myeyusho, of ni sahihi kabisa, ila suluhisho la tatizo ni to, linaelekea kwenye tatizo kama answer to na key to zinavyoelekea kwenye swali na mlango.

Wakaomba kanuni moja ya kushika yote. Haipo jamani. Kuna hizo familia ndogondogo nilizosema, zingine unakariri nomino pamoja na mkia wake. Na mnunue kamusi ya Kiingereza ya wanaojifunza lugha, mfano wa ile aliyoitunga Mwingereza A. S. Hornby na wenzake alipokuwa anafundisha Japani, ikachapishwa kule 1942, inakuonyesha kihusishi palepale pembeni ya neno. Vile vikamusi vidogo vya kutafsiri tu havikwambii.

Saa moja usiku nishafunga, shoga yangu wa keki anapiga, harusi iko Shangani na gari liko nje linasubiri. Katuma picha: "Congratulations of your wedding", krimu nyekundu. Nikamwambia wala usikwangue yote shosti, hiyo o iache hapohapo, f tu ndo uigeuze n.