Niliachishwa kazi sheli sina mkataba, na stahiki zangu nikalipwa

Wengi tunaofanya kazi kwenye sheli, maduka ya jumla na hoteli hapa Tanga hatuna mkataba mkononi. Unapewa fulana, unaonyeshwa pampu, unatajiwa mshahara, kesho yake unaanza zamu. Mimi nilikaa hivyo zaidi ya miaka mitatu, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Meneja aliponiambia nirudishe fulana, bosi amesema basi, wenzangu walinipa pole na kuniambia nisijisumbue: "Utaenda kudai nini na huna karatasi?" Neno hilo limewanyamazisha watu wengi mno, na kisheria si kweli.

Chanzo kilikuwa shoti. Zamu ikiisha, mita ya pampu inasomwa, inatolewa namba uliyoanza nayo, lita zinazidishwa kwa bei. Pesa ikipungua hiyo ndiyo shoti, na inakatwa kwenye mshahara wako. Kwetu ilikatwa hata kama pampu moja mmeishika wawili. Ugomvi wangu ulitokea usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, zinaanza kutumika. Bei ilipanda saa sita usiku. Nilikuwa nimeshauza lita nyingi kwa bei ya zamani, kama ilivyotakiwa, lakini asubuhi msimamizi akapiga hesabu ya zamu nzima kwa bei mpya. Shoti ikatoka kubwa ajabu. Nilikuwa na picha ya mita niliyoipiga kwa simu bei ilipobadilika. Nikamwonyesha, hakutaka hata kuiangalia. Mwisho wa mwezi nikapokea chini ya nusu ya mshahara. Nilipohoji, nikaambiwa nirudishe fulana.

Nikaenda kwa mjomba wangu, Ngamiani. Zamani alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye shamba la mkonge. Nilimwamkia, nikaanza kulia kabla hata sijaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mpwa wangu, wamekufukuza lini?" Nikamtajia tarehe. "Basi siku zako zinahesabika. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Kalenda ndiyo inayowaua vijana, si ukosefu wa mkataba."

Ndipo akanieleza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kuandika masharti ya kazi na kuyatunza ni wajibu wa mwajiri. Mkifika kwenye shauri akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kwenye kuachisha kazi ni vilevile: mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu. (Aliye chini ya miezi 6 kazini hawezi kutumia kifungu hiki cha kuachishwa isivyo haki, hilo lijulikane.) Mimi nikakusanya nilivyokuwa navyo: ujumbe wa simu wa mshahara kuingia kila mwezi, picha nikiwa na fulana ya kituo, picha za mita.

Shauri linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, na Tanga ofisi ipo. Unajaza Fomu Na. 1, hulipii. Nakala lazima imfikie mwajiri na uwe na uthibitisho. Meneja wetu alikataa kusaini, kwa hiyo niliituma kwa rejista posta na risiti nikaiambatisha.

Kwenye usuluhishi bosi alikuja na wakili. Nilitetemeka, nasema kweli. Lakini mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili, na hiyo si hisani ya mtu: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na vyombo vingine vya utoaji haki. Nilielewa kila neno, nikajibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Msuluhishi alimgeukia bosi kuhusu shoti. Je, mfanyakazi alikubali kwa maandishi kukatwa? Alipewa maandishi yanayoonyesha sababu ya deni na hesabu yake? Alipewa nafasi ya kupinga? Na kwa nini makato yalizidi robo ya mshahara? Hayo yote yamo ndani ya sheria. Hasara inakatwa pale tu iliposababishwa na kosa la mfanyakazi mwenyewe, akiwa kazini, na jumla ya makato hayo isipite robo ya mshahara wake wa fedha. Wakili alifungua faili lake, akapekua, akamnong'oneza mteja wake. Kisha wakaomba tuzungumze.

Msuluhishi hatoi hukumu. Tusingekubaliana, shauri lingekwenda kwa mwamuzi. Tulikubaliana. Nilirudishiwa makato ya mwezi ule, nikalipwa mshahara wa siku 28 badala ya notisi, likizo ambayo sikuwahi kupewa, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Makato ya zamani zaidi yalikuwa yameshapita siku 60. Kuyadai kulihitaji Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, pamoja na sababu za msingi za kuchelewa. Niliyaacha, na bado yananiuma.

Mjomba aliniambia kabla sijasaini nisisahau cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe unapoondoka. Bosi alisema nitapata baadaye. Nikaomba kiandikwe kwenye makubaliano, kikaandikwa. Nilikipata pamoja na pesa, na ndicho nilichopeleka kwenye sheli nyingine, barabara ya kwenda Pangani. Huko niliomba mkataba kabla ya kushika pampu. Msimamizi alishangaa kidogo, akauleta.