Aliyebaki nyuma ndiye alikuwa na maji

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimeandaa neno kuhusu kufunga na maombi, liko tayari kabisa kwa daftari, lakini tangu Jumamosi moyo wangu haujatulia na nimeona nikiwaletea hilo neno nitakuwa nawakimbia. Kwa hivyo nitawaambia kilichonipata, halafu mnivumilie kama nitasema kwa ukali kidogo.

Wengi mnawajua maskauti wetu wa kanisa, wale watoto wa skafu za kijani wanaopanga viti Jumapili. Jumamosi niliwapeleka kupanda mwamba wetu wa Tororo, hapa mashariki mwa Uganda. Huo mwamba tunauona kila siku ya maisha yetu, ukitoka Malaba kwa taksi ndio unaokuambia umefika nyumbani, lakini watoto wengi hawajawahi kufika juu. Kilele chake kiko mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na kule mwisho mwamba unasimama wima mpaka watu wamewekewa ngazi za kupandia. Siku ambayo hakuna ukungu unaona Mlima Elgon upande mmoja na Kenya upande mwingine. Niliwaahidi watoto hiyo, na mimi nikajiahidi kitu kingine moyoni, kwamba saa nne tutakuwa juu, nitapiga picha nzuri nitume kwa grupu ya wazazi waone kazi inayofanyika. Hiyo picha ndiyo iliyoniponza.

Skauti hatembei ovyo. Anatembea na patroli yake, watoto sita mpaka wanane, na ni utaratibu wa tangu mwanzo kabisa, tangu Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wale wavulana kambini kisiwa cha Brownsea kule Uingereza mwaka 1907 akawagawa makundi manne. Kiongozi wa patroli anatangulia na msaidizi wake anakuwa wa mwisho kabisa ili asibaki mtu, na mwendo unaofuatwa ni wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Mimi ndiye nimewafundisha hayo, kwa ubao, na chaki. Na Jumamosi mimi ndiye nimeyavunja, manake nilimwita msaidizi atoke nyuma aje mbele tufyeke njia, tukaenda kwa kasi, tunaimba mapambio, na kila mtoto aliyeanza kuhema nikamwambia kaza mwendo, askari wa Yesu hachoki.

Tukafika chini ya ngazi. Nikasema jipangeni tupige picha. Yule msaidizi, binti wa miaka 13, hakujipanga. Alikuwa anaangalia tulikotoka. Akasema, "Mwalimu, hatujatimia."

Nikahesabu. Saba. Tulitoka kanisani wanane.

Wapendwa, mwili wote uliniisha nguvu. Saa kumi na mbili asubuhi bibi ya yule aliyekosekana alimleta mpaka getini na kanga yake kichwani, akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, huyu ndiye niliye naye," na hilo neno ndilo nililokuwa nasikia njia nzima tukirudi chini. Watoto hawakuimba tena. Tulitembea kama dakika ishirini hivi, na ni kwa sababu tulikuwa tumenyamaza ndiyo tukasikia filimbi.

Alikuwa amekaa chini ya mti pale njia inapogawanyika, amekumbatia jerikeni. Alifanya vile nilivyowafundisha, kwamba ukipoteza wenzako usitangetange, kaa hapo hapo, piga filimbi mara tatu, ngoja, piga tena. Alipiga mpaka midomo ikamkauka. Nikamuuliza kwa nini hukuita mapema ulipoona tunakuacha, akasema, "Niliita Mwalimu, lakini mlikuwa mnaimba."

Na ile jerikeni ilikuwa ya lita kumi, imejaa. Yalikuwa maji yetu sote. Sisi wengine tulikuwa na vimkoba vya chapati na mayai mgongoni, yeye tangu chini alikuwa anabadilisha mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, na hakuna mtu aliyegeuka kumuuliza. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamweka kwa wale wavivu wavivu. Midomo imekauka na hajagusa hata tone, anasema alikuwa anangoja tunywe pamoja.

Usiku sikulala. Nikafungua Kutoka 17, manake nilitaka faraja, nilitaka ile habari tunayoipenda ya Musa juu ya kilima, Waisraeli wakipigana na Amaleki kule chini, na Haruni na Huri wamemshika mikono mpaka jua likatua. Tumeihubiri mara ngapi hiyo? Ushirikiano, kuinuana mikono, amina. Lakini Roho akanipeleka kwa Kumbukumbu la Torati 25, pale Musa anawakumbusha ile vita ilianzaje. Amaleki hakuja kupigana na Yoshua mbele. Alikuja kwa mkia. Aliwapiga waliobaki nyuma, waliochoka, waliozimia, wale ambao msafara ulikuwa umeshawapita. Nimeisoma hiyo Biblia miaka mingi na sikuwahi kukaa hapo.

Sasa niseme. Sisi kanisa letu tunaenda mbele vizuri, mapambio yako juu, vyombo vipya tumenunua, na mkiani kuna watu wanapiga filimbi. Yule binti wa kwaya aliyepata mimba mwaka jana, nani alienda kwao? Msiniambie mlimwombea, mimi pia nilimwombea, nauliza nani alienda. Yule kijana aliyefeli mtihani wa darasa la saba tukaacha kumpa kusoma Neno mbele, yuko stendi ya boda sasa hivi na anatuona tukipita. Ule mzee anayekuja kwa miguu kutoka mbali anafika mahubiri yakiisha na sisi tunamgeukia kwa macho. Tunasema wamepoa, tunasema shetani amewachukua. Adui amewachukua kwa sababu mkiani hapakuwa na mtu, sisi viongozi tuliwaita wote waje mbele wasaidie kufyeka njia! Na pengine wamechoka hivyo kwa sababu ya mzigo wa watu wengine. Huyo binti wa kwaya ndiye alikuwa analea wadogo zake wanne ili mama yake aweze kuja mkesha. Hilo nililijua juzi tu.

Isaya 52 inasema hamtatoka kwa haraka, manake Bwana anawatangulia na Mungu wa Israeli ndiye analinda nyuma yenu. Mnaona alipo? Mbele yuko, lakini na nyuma yuko. Mimi Jumamosi nilikuwa nadhani ninamfuata na kumbe nilikuwa nimemwacha amekaa chini ya mti na mtoto. Na Yakobo, pamoja na hila zake zote, Esau alipomwambia twende pamoja alikataa kwenda mbio, akasema nitakwenda polepole kwa mwendo wa watoto (Mwanzo 33). Alikuwa ametoka kuteguka nyonga akishindana usiku na malaika, na mtu anayechechemea anajua.

Hatukufika juu. Watoto walichukua fimbo yao moja ya skauti wakaipitisha kwa mkono wa jerikeni, wakawa wanabeba wawili wawili wakipokezana, hakuna aliyewaambia, na tulipofika tena kwa ngazi wingu lilikuwa limeshuka na matone yameanza, na ngazi ikiwa na maji sipandishi mtoto wa mtu. Tukanywa maji pale pale, wote wanane. Picha sikupiga.

Jioni nilimrudisha mwenyewe kwa bibi yake na nikamwambia kila kitu, sikuficha. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniletea kiti. Alhamisi nikaenda kwa yule binti wa kwaya. Tuliongea kidogo tu, mtoto ana homa, kesho mama kanisa anampeleka hospitali. Kwa stendi ya boda bado sijaenda na ninaomba ndugu mmoja anisindikize.

Jumamosi hii tunarudi mwambani, Mungu akipenda na mvua ikitupisha. Tunakutana kanisani saa kumi na mbili asubuhi, wazazi mnaotaka kuja karibuni. Yule kijana wa jerikeni ndiye atakayetangulia, sisi wote tutafuata mwendo wake. Jerikeni ni yangu mimi, na nitakuwa wa mwisho.