Bosi alikataa kunisifu, nikamwambia basi nipe cheti changu

Niliacha kazi ya stoo kwenye hoteli moja hapa Mombasa, na sikuacha vizuri, tulitupiana maneno na bosi juu ya hesabu ya vinywaji ambayo mpaka leo nasema mimi simo. Nikatoa notisi ya mwezi, nikaimaliza, nikatoka.

Haikupita muda nikaitwa intavyuu Diani. Mambo yakaenda sawa mpaka yule dada wa HR aliposema lete barua ya ulikotoka. Nikarudi kwa bosi na adabu zangu zote, akaniangalia akacheka. "Wewe nikuandikie barua? Nikiandika nitaandika ukweli, na huo ukweli hautakufaa." Nilitoka pale jasho linanitiririka na AC inavuma.

Aliyenitoa kwenye shimo ni ami yangu, zamani alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye KUDHEIHA, yuniyoni ya wafanyakazi wa hoteli. Akaniuliza, "Uliomba nini hasa?" Nikamwambia barua ya kunisifu. Akasema mwanangu hapo ndo ulipoteleza, ile ni hisani, akitaka atakupa asipotaka basi, sheria yenyewe inasema halazimiki. Lakini cheti cha kazi, ile setifiketi ya savisi, hiyo ni haki yako hata kama mmeachana kwa ngumi. Iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, ukishapitisha wiki nne mfululizo kazini lazima upewe. Na ndani yake ni jina na anwani ya mwajiri, jina lako, ulianza lini, ulifanya kazi gani na wapi, uliacha lini. Pa kuandika tabia hapamo. "Mkaidi" haimo, na "mchapakazi" pia haimo, kwa hivo usitarajie kupambwa.

Nikaandika barua fupi, hakuna kulalamika hata mstari mmoja, nakala yangu ikagongwa muhuri na sekretari. Siku ya nne cheti kikatoka. Mimi kwa furaha nilitaka kukikunja niondoke, bahati nikasoma. Wameandika nilianza 2018! Hiyo ni tarehe ya kontrakti, lakini mimi niliingia 2017 kama kibarua, kila siku niko pale, nalipwa Jumamosi, na NSSF wananikata. Mwaka mzima umeyeyuka hivi hivi.

Sikurudi kwa bosi, ningeharibu. Nikachukua steitimenti ya NSSF inayoonyesha michango ya 2017 kwa jina la hoteli hiyo hiyo, nikampelekea madamu wa HR wa hoteli hiyo niliyoacha, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba kifungu hicho hicho kinasema mwajiri akikataa kutoa cheti, au akiandika humo kitu anachojua si kweli, ni kosa, faini mpaka shilingi 100,000 au jela mpaka miezi sita au vyote viwili. Hakunijibu kitu. Nusu saa nikapewa kipya na tarehe imenyooka.

Zikabaki hizo sifa sasa. Kwenye sivii wanataka marefarii, yaani watu wa kukuelezea wakipigiwa simu, utadhani unaenda kucheza mpira. Nikampigia shefu wetu wa zamani aliyehamia Watamu, nikamwomba ruhusa kwanza kabla ya kutoa namba yake (watu wengi hawafanyi hivi, halafu mtu anapigiwa yuko sokoni hata hakumbuki wewe ni nani), nikamkumbusha ile Desemba frija kubwa lilizima hoteli imejaa, tukahamisha nyama yote usiku mimi na yeye na hesabu asubuhi haikupungua hata kilo.

Wa Diani wakampigia, nasikia alihadithia hiyo habari ya frija dakika kumi. Wakampigia na bosi pia. Akawasomea tarehe zilizo kwenye cheti, akasema hana la kuongeza, akakata simu. Jumatatu yake nilikuwa kwenye feri ya Likoni alfajiri, naenda kuripoti.