Mashimo Kumi na Mawili

Mwaka 2017 nilikuwa afisa manunuzi wa duka la mabomba na pampu pale Gerezani, Dar es Salaam. Tulikuwa tumeshinda zabuni ya kuipelekea mamlaka moja ya maji mkoani geti vali, yaani vali za kufungia maji, za DN80, DN100 na DN200 (DN ni saizi ya bomba kwa milimita), zote PN16, yaani za kuhimili presha ya baa 16. Kiwanda tulikipata Wenzhou, mji wa China unaosifika kwa vali na viatu.

Tangu 2012 TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inataka bidhaa nyingi zikaguliwe hukohuko zinakotoka kabla hazijapanda meli. Mpango wenyewe ni PVoC, na kazi ya kukagua hufanywa na kampuni za kimataifa zilizoingia mkataba na TBS. Mzigo ukifaulu unapata CoC, yaani cheti cha kukidhi viwango. Ukitua bandarini bila karatasi hiyo, unakaguliwa hapa kwa gharama yako, faini inapigwa kwa asilimia ya CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na nauli), na gharama za kulaza kontena zinazidi kupanda.

Muuzaji wa kiwanda, kijana mchangamfu tuliyewasiliana naye kwa WeChat, hakuona shida yoyote. Alitutumia cheti cha ISO 9001 chenye mhuri mwekundu na kingine cha CE. Bosi wangu, mama aliyeachiwa duka na marehemu mumewe, akavaa miwani, akavisoma.

"Hivi navyo havitoshi, mwanangu?"

"Havitoshi, mama. Hiki cha ISO kinasema kiwanda kina utaratibu wa kazi. Vali zetu hakizijui."

Kile cha CE ndiyo kabisa. Ni cha soko la Ulaya, na hata huko sheria yao ya vyombo vya presha inaiacha nje mitandao ya kusambaza maji. Sisi tulitakiwa kuonyesha ripoti ya vipimo vya vali zilezile, cheti cha chuma kilichosubiwa, na mkaguzi awepo zikipimwa. Kwa kuwa kiwanda kile hakikuwa kikileta mizigo Tanzania mara kwa mara, tuliangukia Njia A, ambayo kila shehena hukaguliwa na kupimwa peke yake. Sisemi mpango huo hauna kero. Ada yake inauma, hasa kwa duka dogo, na kuna wenzangu Gerezani wanaouita kodi tu yenye jina refu.

Siku ya ukaguzi picha zilianza kuingia kwenye simu kabla sijafika kazini. Vali zilifungwa kwenye mashine, zikajazwa maji, kiwiliwili kikapimwa kwa baa 24, yaani mara moja na nusu ya presha ya kazi, kisha mlango ukafungwa na kupimwa kwa baa 17.6. Hakuna iliyovuja hata tone. Nikamwambia bosi mambo ni mazuri.

Jioni ikaja ripoti: DN80 na DN100 zimepita, DN200 zimekataliwa. Ubavuni zimeandikwa PN16, lakini flenji, zile sahani za pembeni zinazofungwa kwa bolti kwenye bomba, zina mashimo manane.

Kwa saizi ndogo jambo hilo halionekani, maana hadi DN150 flenji za PN10 na PN16 hutobolewa sawa. Kwenye DN200 ndipo zinapoachana: PN10 ni bolti nane, PN16 ni kumi na mbili. Duara la bolti ni lilelile, milimita 295, ndiyo maana ukitazama harakaharaka unapitwa. Na mabomba kule mkoani yalikwishalazwa, flenji zake mashimo kumi na mawili.

Muuzaji akajibu bila wasiwasi: tutaongeza mashimo, meli inafunga kupokea mizigo kesho kutwa. Akaongeza kwamba tukiona tabu, kontena liondoke tu, ile faini tutagawana.

Bosi alinyamaza, akamwita fundi wetu mkuu, mzee aliyefunga mabomba tangu enzi za Ujamaa. Mzee hakusema neno. Alichukua kipande cha boksi, misumari miwili na uzi, akachora duara, akagawa nane, halafu juu yake akagawa kumi na mbili. Kila shimo lina upana wa milimita 22 hivi. Palipo karibu, kitovu cha shimo jipya kiliangukia kama milimita 19 kutoka kitovu cha lile la zamani. Matundu yalipandana.

"Hii si flenji tena, mama," alisema. "Hii ni kichungio."

Nikapiga picha ya lile boksi nikaituma Wenzhou. Kijana mchangamfu alichukua muda kujibu. Kilichofuata kilikuwa simu kutoka kwa mkubwa wake: watatoa viwiliwili vingine ambavyo havijatobolewa, wavitoboe upya, mkaguzi arudi. Meli ikatuacha. Bosi mwenyewe alipiga simu mamlaka ya maji kuomba muda, na maneno aliyoyapata huko nayahifadhi.

CoC ilitoka, klaringi akaiambatanisha kwenye TANCIS, mfumo wa forodha, na mzigo ukatoka bandarini bila mvutano. Ubishi ulibaki mmoja: nani alipe ada ya ukaguzi wa pili. Kiwanda kilidai sisi ndio tuliotaka ukaguzi. Bosi hakubishana nao. Tulikuwa tumetanguliza asilimia 30 ya malipo, na 70 ilikuwa bado mikononi mwetu. Aliniagiza nikate ada yote humo, na niwaandikie kwa adabu.