Jinsi nilivyoyaona makanisa na viwanja vya Roma kwa miguu

Kabla sijaondoka Mwanza, karibu kila niliyemweleza safari yangu alinihimiza ninunue tiketi ya basi la watalii, la sivyo ningepotea na fedha zingeniishia. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu eneo la Roma lililosheheni makanisa na viwanja vya kale, kati ya hekalu la kale la Pantheon na uwanja wa Piazza Navona, lina vichochoro ambavyo basi kubwa haliwezi kupita. Anayelipia basi hilo hushushwa pembezoni, kisha hutembea kwa miguu sawa na mimi ambaye sikulipa.

Cha maana ni kujua saa. Makanisa mengi ya Roma hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana hivi hadi karibu saa kumi alasiri, na wageni wengi hufika mlangoni wakati huohuo, wakitoka kwenye foleni ya Vatikani. Kwa hiyo makanisa niliyatengea asubuhi na jioni, na mchana nikawa viwanjani, nikinywa maji ya bure kwenye bomba za chuma zilizotapakaa mitaani. Makanisa mengi hayatozi kiingilio. Pantheon, ambalo ni kanisa tangu mwaka 609, lilianza kuwatoza watalii mwaka 2023, nami nilizitoa euro hizo chache kwa moyo mkunjufu, kwani kuba lake la zege lina upana wa mita 43 na halina nondo hata moja.

Lakini ninalojivunia zaidi ni namna nilivyoingia katika Kanisa la Mtakatifu Ignasi, lililo karibu na hapo. Nilikuwa nimesoma kwamba sakafuni mna duara la marumaru, na kwamba mchoraji alipanga dari nzima itazamwe kutoka hapo. Basi niliingia macho chini, nikaipita foleni ya watu waliokuwa wakisubiri kujipiga picha kwenye kioo kinachoakisi dari, nikatembea nikitazama sakafu tu hadi nikakanyaga duara lile, na hapo ndipo nilipoinua uso. Kuta za kanisa zilikuwa zimeendelea kupanda juu, nguzo juu ya nguzo, hadi mbinguni palipo wazi, malaika na watakatifu wakielea kati yake, nami sikuweza kusema ni wapi jiwe linakoma na rangi inaanzia. Kisha nikasogea hadi alama ya pili, karibu na altare, nikaona mbele yangu kuba refu lenye nguzo na madirisha. Kuba hilo halipo! Lile lililokusudiwa halikujengwa, na Andrea Pozzo, bruda Mjesuiti, alilichora juu ya turubai bapa lililowekwa mwaka 1685. Nilipovuka alama, kuba likaanza kuinama. Nilipofika chini yake, likawa kitambaa cheusi kilichopakwa rangi. Nilirudi nyuma likasimama tena, nikasonga mbele likaanguka, na nilifanya hivyo hadi mlinzi akaanza kunitazama. Aliyeinua macho tangu mlangoni hulikosa tukio hilo, kwa hiyo vumilia.

Beba pia sarafu. Katika Kanisa la San Luigi dei Francesi, michoro ya Caravaggio, mchoraji Mwitalia, imo katika kikanisa chenye giza, na taa huwaka kwa muda mfupi baada ya kutumbukiza sarafu kisandukuni. Mathayo ameketi forodhani, fedha zikihesabiwa mezani, na mwanga unamjia kutoka upande aliposimama Kristo.

Piazza Navona niliifikia mchana. Umbo lake refu limefuata uwanja wa michezo wa Kaisari Domitian, na katikati kuna chemchemi ya mchongaji Bernini ya mwaka 1651, yenye sanamu za mito minne. Kiongozi mmoja wa watalii alikuwa akiwaambia watu wake kwamba Mto Nile umejifunika uso usilione kanisa lililo mbele yake, ilhali kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1652, chemchemi ikiwa imekwisha. Nile amefunikwa kichwa kwa sababu Ulaya ya wakati ule haikujua mto huo unaanzia wapi. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa letu la Viktoria, anakotokea Nile, karibu na Mwanza mwaka 1858, zaidi ya karne mbili baadaye, na mimi niliyekulia kando ya ziwa hilo nilisimama mbele ya sanamu ile kwa fahari kubwa.

Hakuna aliyenitajia pia kwamba katika Basilika la Santa Maria Maggiore kuna sanamu ya Antonio Emanuele Ne Vunda, balozi wa Ufalme wa Kongo aliyefariki Roma mwaka 1608. Iulizie katika sehemu ya ubatizo, vaa nguo inayofunika mabega na magoti, na fika asubuhi mapema, kwa maana tangu Papa Fransisko azikwe humo mwaka 2025 foleni ya ukaguzi ni ndefu.