Akili ipo, mwendo ndio umepungua

Watu wakisikia nina tatizo la kumbukumbu wananipima kwa mambo ya zamani. "Unamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la nne?" Namkumbuka, na fimbo yake ya mpera naikumbuka. Najua mikorosho ya marehemu babu inaanzia wapi na inaishia wapi, na najua nani alikula hela ya nani msimu upi. Basi wanaondoka wakiambiana huyu anajisingizia, kichwa kizima kabisa.

Shida yangu haiko huko. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Mtwara Vijijini. Msimu ukifunguliwa nakaa dirishani: kijana wa mizani anataja kilo, mkulima ananitajia namba ya akaunti, bibi aliye nyuma yake anauliza mnada wa kwanza ni lini, na papo hapo simu inaita. Zamani yote hayo yaliingia kwa mpigo, na bado nilipata nafasi ya kumfukuza mtoto anayerukaruka juu ya magunia. Siku hizi nikiwa bado na kilo, namba ya akaunti imeshapita. Haikuingia kabisa, kwa hiyo hata nikikuna kichwa siku nzima hakuna cha kukumbuka. Huwezi kukatia stakabadhi gunia ambalo halikushushwa.

Ninaumwa maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia ganda linalofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ganda hilo, mayelini, ndilo linalozipa taarifa mwendo wa kasi. Likiharibika, taarifa inachelewa au inakwama njiani. Kwangu ilianza na jicho la kulia, ukungu na maumivu kila nikiligeuza, kisha ganzi miguuni. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kwa hiyo huku kwetu hata mganga wa zahanati anaweza kumaliza utumishi wake bila kumwona mgonjwa mmoja. Mimi nilitibiwa presha, nikapewa miwani, na mjomba mpaka leo anasisitiza kuna mkono wa mtu. Picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, Dar es Salaam, ndiyo iliyomaliza ubishi, ukimwondoa mjomba.

Huko huko Dar nilipewa karatasi ambayo sijaisahau. Juu kuna alama tisa, kila moja na namba yake, 1 mpaka 9. Chini yake ni mistari ya alama tupu. Unapewa sekunde 90 utaje namba ya kila alama, moja baada ya nyingine, mbio. Nikasema moyoni, mmekuja pabaya, namba ndizo zinazonilisha. Jicho likashuka kwenye alama, likapanda kutafuta namba yake, likashuka tena, na likifika chini halijui lilikuwa kwenye ipi. Nilizotaja zote zilikuwa sahihi. Zilikuwa chache tu. Daktari akaniambia, "Mama, akili yako ipo. Mwendo ndio umepungua." Nilitamani angekuja kuyasema hayo kwenye mkutano mkuu wa chama.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1868, pale Hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, daktari Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu na akaandika kwamba wagonjwa hudhoofika kumbukumbu na mawazo huwajia polepole. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi madaktari waliendelea kutazama miguu na macho. Leo inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 40 na 65 ya wenye MS wanapata tatizo fulani la kufikiri au kukumbuka. Tena haliendi sambamba na miguu: anayesukumwa kwenye kiti anaweza kuwa mwepesi wa kufikiri, na anayetembea vizuri, kama mimi, akawa anahangaika kutafuta neno analolijua tangu utotoni. Ndiyo maana sisi tunaotembea ndio tunaoitwa wavivu.

Joto nalo lina kesi yake. Mjerumani mmoja, Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho, aliona mwaka 1890 kwamba wagonjwa wake walififia macho wakijishughulisha na mwili ukapata moto. Kwangu hali hiyo inapanda mpaka kwenye fikra. Na korosho, kwa bahati mbaya, zinauzwa kabla mvua hazijachanganya, ofisi ya bati, jua la Novemba. Nikipanda Newala kwa dada, kule juu ambako jioni watu wanajifunika vitenge, nafuatilia mazungumzo ya watu watatu bila shida. Sitaapa kwamba ni ubaridi peke yake. Kule pia hakuna anayenidai stakabadhi.

Kama unaumwa MS na unajiona hivi, usikubali kila kitu kibandikwe kwenye MS. Homa tu, iwe ya malaria au ya maambukizi ya mkojo, inatosha kukuvuruga siku kadhaa. Usingizi mbovu, sonona, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, vyote vinapimika. Mimi nilikuwa natumia oksibutinini kwa ajili ya mkojo wa ghafla, na dawa za aina hiyo zinaweza kuzidisha usahaulifu. Nilimuuliza daktari, akanibadilishia. Muulize wako, usiache dawa kwa kusoma blogu ya karani.

Mazoezi ya kumbukumbu nayo yapo. Watafiti wa New Jersey, Marekani, waliwafundisha wagonjwa kugeuza orodha kuwa picha na hadithi, na wengi walishika mambo mapya vizuri zaidi. Nikienda sokoni siandiki orodha tena: namwona shemeji yangu amekalia fungu la ming'oko, kandili kichwani, anapiga mswaki kwa chumvi. Nanunua vyote vitano, maana shemeji mwenyewe ni sukari.

Dirishani dawa imekuwa utaratibu. Nilimwomba katibu, akakubali: mkulima anakuja na jina na namba ya akaunti vimeandikwa kwenye karatasi, na asiyejua kuandika anasaidiwa na mjukuu pale pale kwenye benchi. Kijana wa mizani hataji kilo mpaka nimemtazama. Akitaja nazirudia kwa sauti, mkulima anaitikia, ndipo naandika. Maswali ya mnada yanakwenda kwa katibu. Foleni imepunguza kasi kidogo, na mzee mmoja alilalamika mbele ya watu kwamba karani analala. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba asome stakabadhi yake kilo kwa kilo, namba kwa namba, kama kuna kosa anionyeshe. Akaisoma yote, akaikunja, akauliza mnada ni lini. Nikamwelekeza kwa katibu.